Anayefika Kwanza

Mchezaji wa gemu ya 911 Operator huanza zamu akiwa amepewa vitu ambavyo hakuvihangaikia: simu inayopokelewa, ramani inayoonyesha mpigaji yuko wapi, magari yenye mafuta na watu wa kuyaendesha. Gemu hiyo ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Jutsu Games ya Poland. Ramani zake hutoka OpenStreetMap, kwa hiyo mtu anaweza kupakua mitaa ya mji halisi na kuisimamia akiwa sebuleni kwake. Simu ikiingia anauliza maswali, anaamua atume polisi, zimamoto au ambulansi, kisha anatazama alama ndogo zikikimbia barabarani. Akikosea, amekosea kuamua: ametuma gari lililo mbali, au amemshughulikia mlevi huku mwenye maumivu ya kifua akingoja.

Sasa iweke meza hiyo ya kupokea simu Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Mji uko kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, kando kidogo ya barabara kuu ya Mombasa, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Mutomo na Kitui. Mchana na usiku hupita hapo malori ya makontena, matangi ya mafuta, mabasi ya Pwani na matatu za Emali na Mtito Andei. Tangu 2017 reli mpya ya SGR nayo ina kituo hapa, na chini ya ardhi limelazwa bomba la mafuta linalotoka Mombasa. Ukiacha lami unaingia mashamba ya mkonge ya Dwa, halafu vijiji vilivyotawanyika hadi mipaka ya Tsavo na milima ya Chyulu. Karibu kila dharura iliyomo kwenye gemu ipo hapa: ajali, moto, mafuriko, uzazi wenye matatizo. Ipo na nyingine ambayo gemu hazina, ndovu aliyeingia shambani usiku.

Watu wakizungumzia gemu hizi huuliza kama zinafanana na kazi halisi. Naona swali lenye faida zaidi kwa mtu wa Ukambani ni jingine: gemu zimechukulia nini kuwa tayari kipo? Ukilijibu hilo unapata picha ya yale ambayo kaunti zetu bado zinajenga. Unamwona pia mtu ambaye gemu hazimwoni kabisa, yule anayefika kwanza.

Gemu za aina hii zilizaliwa Ujerumani zaidi ya kwingine. Mwaka 1998 kampuni ya Sixteen Tons Entertainment ilitoa Emergency, ambapo mchezaji anaongoza madaktari, wazimamoto na polisi kwenye maafa makubwa. Mwaka 2016 ikaja Emergency Call 112, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na zimamoto ya mji wa Mülheim, na ndani yake mchezaji anashuka kwenye kituo, anavaa magwanda, anapanda gari. Kuna Firefighting Simulator, kuna Police Simulator, na mwaka 2025 ikatoka Ambulance Life, ya kuigiza kazi ya wahudumu wa ambulansi. Zote zimefuata mfumo wa nchi zilikotengenezwa au wa Marekani: kituo kina wafanyakazi wa kulipwa, kengele inalia, mlango unafunguka. Raia aliye karibu na ajali ana kazi mbili tu katika gemu nyingi. Anapiga simu, kisha anasimama kando akitazama.

Kwenye barabara ya Mombasa mambo hayaendi hivyo. Lori limeharibika usiku kwenye mteremko kati ya Makindu na Kibwezi, dereva amekata matawi ya miti na kuyapanga nyuma yake barabarani, kwa sababu pembetatu ya kuwatahadharisha wengine hana au imeibiwa. Basi linalotoka nyuma lina kasi. Baada ya mgongano, wanaofika kwanza ni tanboi wa lori jingine, vijana wa boda boda kutoka soko lililo karibu na mama anayeuza matunda kando ya barabara. Hawana kifaa cha kukata mabati. Wana mtaimbo na jeki ya lori, na mara nyingi ndivyo dashibodi iliyombana dereva inavyoinuliwa: jeki inaingizwa chini, inapandishwa kidogo kidogo, watu wawili wanamvuta kwa mabega. Hapo ndipo uhai unapookolewa na hapo hapo ndipo mwingine unapoharibiwa, maana aliyevunjika shingo akivutwa vibaya anaweza kupooza maisha yake yote. Aliyekatika mguu anafungwa leso juu ya jeraha, wakati mwingine kwa nguvu ya kutosha, wakati mwingine sivyo. Kisha inasimamishwa Probox au pikapu, viti vinalazwa, na majeruhi anapelekwa Kibwezi au Makindu, ambako hospitali ya kaunti ndogo iliyo kwenye barabara kuu imezoea kupokea watu wa namna hii.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Sehemu ya vifo hivyo huamuliwa katika zile dakika ambazo hakuna mwenye sare aliyefika. Sisemi hivyo kuwalaumu wale wa mtaimbo na leso. Wao ndio huduma ya dharura ya Kibwezi, na wanaifanya bila mafunzo, bila glavu na bila mtu wa kuwarudishia mafuta ya pikipiki.

Kuna upande mwingine wa umati huo, na lazima utajwe. Tangi la mafuta likipinduka, wanaokuja mbio hawaji wote kuokoa. Wengine huja na mitungi. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, karibu na Molo, tangi lililoanguka lililipuka likiwa limezungukwa na watu wanaochota petroli, na zaidi ya 100 wakafa. Kila tangi linalopita Mtito Andei linabeba uwezekano huo. Gemu hukuruhusu kutuma polisi wawili kutawanya watu, nao wakatawanyika. Mtu mwenye njaa ambaye ameona petroli ya bure ikitiririka hatawanywi kwa kubonyeza. Anayeweza kumzuia ni mtu anayemjua, mzee wa kijiji au kiongozi wa boda boda wa steji ile, ikiwa huyo mwenyewe amefundishwa kwamba mvuke wa petroli hushika moto hata kwa cheche ya pikipiki iliyo mbali kidogo.

Kwenye karatasi, haki ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne limezipa kaunti kazi ya ambulansi, ya zimamoto na ya kukabili majanga. Makueni ilijaribu mapema kuliko wengi: mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Lakini haki ya kutibiwa haimfikishi mtu hospitalini, na kufika nako si mwisho. Oktoba 2015 nchi nzima ilisikia habari ya mgonjwa aliyekaa saa 18 ndani ya ambulansi jijini Nairobi akizungushwa kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Ambulansi ilikuwepo, dereva alikuwepo, mgonjwa alikuwemo. Katika gemu za meza ya simu, gari likifika hospitalini kazi imekwisha na alama zinaongezeka. Kitanda hakihesabiwi.

Tuiangalie basi simu yenyewe. Namba 999, 112 na 911 zipo, Msalaba Mwekundu wa Kenya una 1199, na kila kaunti, kila hospitali na kila chama cha madereva kina namba yake. Anayepiga akiwa amechanganyikiwa huchagua ile anayoikumbuka, ambayo mara nyingi ni ya ndugu yake. Halafu linakuja swali la mahali. Dereva wa lori aliyetoka Kilindini, asiyejua Ukambani, atasema, "Boss, niko kati ya Makindu na Mtito." Hicho ni kipande cha zaidi ya kilomita 60. Mwenyeji naye ataelekeza kwa soko, kwa kanisa, kwa mti au kwa jina la mtu ambaye boma lake linajulikana na wote wa pale, lakini si na aliyeko upande wa pili wa simu. Gemu ya 911 Operator ina simu moja maarufu ya mwanamke anayeagiza piza, na mchezaji asiyekuwa makini hukata, kumbe mama huyo ana mume mkatili pembeni yake na hawezi kusema wazi. Ni funzo zuri la kusikiliza. Kibwezi ingehitaji funzo jingine la namna hiyo: jinsi ya kupata mahali alipo mtu asiyejua alipo. Umepita kituo gani cha petroli mara ya mwisho? Milima iko upande gani? Kuna nguzo ya kilomita karibu nawe? Mpe simu mtu wa boda aliyesimama hapo.

Ramani si kitu cha kuletewa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, kwa sababu kwenye ramani rasmi ulikuwa karibu doa tupu. Ramani hiyo hiyo ya dunia ndiyo inayolisha gemu ya Poland. Njia ya miguu ya Masongaleni au Utithi ikichorwa leo na kijana wa pale, inaweza kutumiwa na mchezaji wa Warsaw na pia na dereva wa ambulansi wa Makueni. Katika mambo yote niliyokutana nayo kwenye suala hili, hili ndilo rahisi kuliko yote, na sioni sababu ya kuchelewa.

Hadi hapa inaonekana gemu zina meza ya simu na Kibwezi haina. Hilo linahitaji kurekebishwa kwa upande mmoja, upande wa mama wajawazito. Tanzania ilijenga mpango unaoitwa m-mama, kwa ushirikiano wa serikali na Vodafone Foundation. Ulianza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Mama au mhudumu wa afya anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa, mfumo unamwonyesha hospitali ifaayo na gari lililo karibu. Kama ambulansi haipo au iko mbali, anaitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa na kupewa maelekezo, na akimfikisha mama hulipwa kwa M-Pesa. Makueni ni kati ya kaunti ambazo mpango huo umefika nchini Kenya.

Mtu aliyewahi kucheza 911 Operator akitazama kazi ya m-mama ataitambua mara moja: simu, maswali, ramani, gari la karibu, hospitali ifaayo. Tofauti iko kwenye magari. Gemu hukupa ambulansi zenye namba na wahudumu wenye vyeo. m-mama ilianza kwa kukubali kwamba ambulansi hazitoshi na hazitatosha kesho, ikauliza ni nani tayari ana gari kijijini na kama anaweza kuaminiwa. Yaani ilimtambua yule anayefika kwanza, ikamwandika, ikampa namba na ikamlipa. Sijaona gemu hata moja iliyofikiria jambo hilo, na ni wazo la huduma za dharura lenye akili kubwa kuliko lolote lililotoka Afrika Mashariki katika miaka hii. Lakini limebaki kwa wajawazito na watoto wachanga. Aliyevunjika paja katikati ya Kiboko na Makindu hawezi kupiga hapo.

Kitui inaonyesha umuhimu wa anayefika kwanza kwa uchungu zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, wakati maji yamefurika juu ya kivuko. Lilisukumwa na mkondo likazama mbele ya watu waliosimama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walioruka majini kwanza kuwatoa abiria walikuwa waogeleaji wa pale pale. Wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji walikuja baadaye, kutoka mbali, na kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa kutafuta miili na kulitoa basi. Eneo hili lina mito mingi ya namna ya Enziu, ambayo kwa miezi minane ni mchanga mtupu na kwa saa mbili ni kifo. Huwezi kuweka kikosi cha wapiga mbizi kwenye kila mto wa mchanga. Unaweza kuweka kamba, maboya na watu kumi waliofundishwa kila kivuko, na nguzo yenye alama nyekundu inayomwambia dereva kwamba maji yakifika hapa asivuke.

Iko dharura ambayo haina hata king'ora, na hiyo gemu haziigusi kabisa. Mei 2015 bomba la zamani la mafuta, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja huko Thange, Kibwezi, na mafuta yakaingia mtoni. Hakukuwa na moto wala mlipuko. Watu waliona utando juu ya maji, wakasikia harufu kwenye visima, mazao ya umwagiliaji yakaharibika. Gemu za dharura hupimwa kwa dakika, na ikipita nusu saa tukio limefungwa. Thange ilipimwa kwa miaka: kupima udongo, kugombana juu ya matokeo, kwenda mahakamani. Ilikuwa 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoamua wakazi walipwe takriban shilingi bilioni 3.8. Huduma ya dharura kwa Thange ingekuwa nini? Ningesema: malori ya maji safi kuanzia juma la kwanza, daktari anayewaandikisha watoto wote na kuwafuatilia, na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kusema hadharani kisima kipi kisitumike. Hakuna kati ya hayo linalohitaji gari lenye taa za buluu.

Je, gemu inaweza kufundisha kitu cha kweli hapa? Inaweza, na Kenya ina ushahidi wake. Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walitengeneza LIFE, gemu ya simu ya mkononi inayotokana na mafunzo ya ETAT+, ya kutibu watoto walio katika dharura, ambayo madaktari na wauguzi wa Kenya wanayajua vizuri. Mchezaji yuko wadi ya kujifungulia, mtoto amezaliwa na hapumui. Afanye nini kwanza? Amkaushe na kumfunika. Kichwa kikae vipi ili njia ya hewa ifunguke? Ni wakati gani wa kuchukua ambu na kumpulizia hewa? Saa inakwenda, na akikosea anaelezwa kosa na kurudia hadi apate. Gemu hiyo imejaribiwa na wahudumu wa afya wa Kenya wenyewe. Haina milima wala ving'ora. Ina chumba kimoja, mtoto mmoja na dakika chache, na yote yaliyomo yapo katika zahanati: hakuna kifaa ambacho muuguzi wa Kambu angesema hajawahi kukiona.

Hilo ndilo linaloitenganisha na zile za Ujerumani, na ndilo naona liwe kipimo. Na ili kutengeneza gemu yetu ya namna hiyo, vijana wanaoweza kuchora barabara na magari tunao. Bus Simulator Indonesia, gemu ya kuendesha basi iliyotoka 2017, imependwa sana Kenya, na Wakenya wameijaza mabasi yetu wenyewe, rangi, maandishi na honi, kwa ustadi wa kushangaza. Lakini ndani ya gemu hiyo basi likigonga lori hakuna anayetoka damu, unarudi barabarani na safari inaendelea. Kijana wa steji anayeicheza akisubiri abiria, saa moja baadaye anaweza kuwa ndiye wa kwanza kwenye ajali halisi.

Kufundisha watu kama yeye si ndoto. Ghana iliwahi kuwafundisha huduma ya kwanza madereva zaidi ya 300 wa magari ya abiria, na ripoti yake ilitoka 2002. Kampala ikafundisha polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, jumla 307, na utafiti wake ukachapishwa 2009. Mambo waliyojifunza yanaingia kwenye siku moja: linda eneo kwanza, zuia damu, fungua njia ya hewa, usimvute mtu ovyo, mbebe kwa pamoja huku mmoja akishika kichwa. Tatizo la mafunzo ya siku moja ni kusahau. Miezi sita ikipita bila ajali, mkono hausongi kitambaa kwa nguvu inayotakiwa. Hapo ndipo gemu ya simu ingefaa, ya dakika tano, ya Kiswahili na Kikamba, isiyokula bando, inayomrudisha kijana kwenye jambo lile lile mara kwa mara.

Ningependa iwe hivi. Mchezaji hana ambulansi. Ana pikipiki, leso mbili, simu yenye chaji kidogo na watu saba waliokusanyika, mmoja wao ana mtungi. Lazima achague nani ampe kazi gani: wewe kimbia na matawi mita mia nyuma, wewe na wewe wazuieni wale wa petroli, mama nishikie kichwa hiki usikiache kisogee. Lazima aseme mahali alipo kwa maneno ambayo mpokeaji ataelewa. Akimvuta dereva kabla ya kuangalia shingo, gemu imwonyeshe kilichotokea wadini Makindu siku tatu baadaye. Akipiga simu na isipokelewe, aamue kama angoje au asimamishe Probox.

Wa kuitengeneza ni wale wanaochora mabasi, wakikaa meza moja na wauguzi wa Makindu, viongozi wa boda boda wa Kibwezi na waogeleaji wa Enziu. Kaunti nayo ina kazi yake kwa wakati huo huo: kuifungua meza ya m-mama kwa majeruhi wa barabarani, kuwasajili boda na Probox kama madereva wa jamii, na kuandika namba moja, hiyo hiyo moja, kwenye kila nguzo ya kilomita kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei.